Kipimajoto cha dhiki kwa wagonjwa wa saratani: karatasi nzuri, neno gumu

Kipimajoto cha dhiki, karatasi ya kupima mzigo wa mawazo ya mgonjwa, ni ukurasa mmoja tu, unajazwa kwa dakika chache mgonjwa akisubiri dripu. Upande mmoja pana picha ya kipimajoto chenye namba 0 hadi 10. Anazungushia namba inayolingana na hali yake ya wiki iliyopita, pamoja na leo. Upande wa pili pana orodha ya matatizo: mwili, hisia, familia, maisha ya kila siku, imani. Zana hii ilizaliwa New York miaka ya 1990, kwenye kazi ya daktari Jimmie Holland na wenzake, waliotafuta neno lisilomfanya mgonjwa ajione anaitwa kichaa, wakachagua “distress”, yaani dhiki. NCCN, mtandao wa vituo vya saratani wa Marekani unaoisambaza, umeweka kigezo: kuanzia 4, mgonjwa achunguzwe zaidi.

Kasoro yake kubwa kwetu ni hilo neno lenyewe. Dhiki kwa Mswahili ni kukaukiwa mfukoni kwanza, ndiyo maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyetoka Kigoma kuja Dar kwa mionzi atazungushia 9 kwa sababu ya nauli na pa kulala. Hajakosea, ila anamhitaji ofisa ustawi wa jamii kabla ya mnasihi. Kwa hiyo orodha ina thamani kuliko namba. Ukipata namba bila orodha, umepata nusu ya jibu. Swali linaloeleweka zaidi ni: “Wiki hii mawazo yamekuelemea kiasi gani?” Tena liulizwe kabla ya kipimo cha maumivu, ambacho nacho ni 0 hadi 10, la sivyo mgonjwa atarudia namba ileile.

Angalia pia nani kashika kalamu. Mama aliyeletwa na mwanawe atasema “2, sijambo” huku kanga ikifuta macho. Mtoe mwana nje kidogo, kisha msomee mama karatasi kwa sauti. Na kama mgonjwa hajaambiwa jina la ugonjwa wake, kichwa cha karatasi kisimtangulie daktari.

Wengine huanza moja kwa moja na PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, kigezo 10. Kwa aliye kwenye dawa za saratani lina mtego: usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini peke yake vinaweza kufikisha 12, bila huzuni yoyote. Yape uzito zaidi maswali mawili ya mwanzo, la kukosa hamu ya mambo na la huzuni. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, likipata hata 1, mgonjwa azungumze na mtaalamu kabla hajaondoka kliniki.

Kipimajoto kirudiwe tiba inapoanza, inapobadilika, ugonjwa ukirudi, na tiba inapoisha, siku ambayo wengi humpongeza mgonjwa na kumsahau. Lakini usichapishe nakala hata moja kabla hujajua atakayempokea mwenye 7 ni nani, na yupo siku zipi.