Nimeuziwa kitabu hakina harusi, halafu naambiwa "dada, si vichekesho tu hivyo"

Jamani nimekereka, na nimekaa na hii kitu rohoni muda sasa, acha niitoe. Nilinunua A Spot of Bother ya Mark Haddon, riwaya yake ya 2006, kwenye duka moja la vitabu hapa mjini, kipya, kimefungwa na nailoni yake, na bei haikuwa ya kitoto. Haddon ndo yule wa The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya 2003, ile ya kijana wa miaka 15 anayemtafuta aliyeua mbwa wa jirani, anakuja kugundua baba yake alimdanganya kwamba mama amekufa kumbe mama yuko hai, yuko London. Ile niliipenda sana, kwa hiyo hii nikalipa bila hata kuuliza.

Nasoma vizuri, nacheka kwenye daladala mpaka watu wananigeukia, nafika kwenye harusi. Sasa hii harusi ndo kitabu kizima kinaisubiri, kila mtu kwenye ile familia ana bomu lake kafichia hapo. Mzee George, baba wa bibi harusi, kameza vidonge vya kumtuliza na kashushia na mvinyo, anasimama atoe hotuba mbele ya wageni, mimi moyo unanidunda, nafungua ukurasa wa pili yake, nakutana na mke wake Jean huko nyuma kabisa, mambo niliyoshasoma! Kuangalia vizuri naona kurasa za katikati zimeshonwa tena pale pale, fungu zima limejirudia, na fungu la harusi halipo. Namba za kurasa zinarudi nyuma halafu zinaruka. Sentensi imekatwa katikati, mzee wa watu kabaki kasimama na glasi mkononi.

Nikarudi dukani, na nilienda kwa upole kabisa maana kosa ni la kiwandani, si la muuzaji. Kaka wa kaunta akakishika, akakipekua kwa kidole gumba bila hata kuangalia ninachomwonyesha, akasema, "Dada, si vichekesho tu hivyo? Kurasa chache hazikupunguzii kitu, mwisho wake si wanaoana." Halafu akaongezea kwamba nailoni ikishatolewa hawabadilishi. Sasa kaka, mimi ningejuaje kurasa hazipo bila kutoa nailoni? Akaanza kumhudumia mtu mwingine mimi nikiwa bado nimesimama pale. Yaani kaniuzia kitabu kibovu, kanimalizia hadithi, na kanigeuzia mgongo, yote kwa mkupuo mmoja.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hilo neno lake la "vichekesho tu". Hebu niwaambie hiki kitabu kina nini. George ana miaka 57, amestaafu, anajenga kibanda chake bustanini huko karibu na Peterborough, hana shida na mtu. Anaenda kujaribu suti nyeusi dukani kwa ajili ya msiba wa mtu anayemfahamu, akivua nguo anaona doa kwenye nyonga. Basi. Pale pale anaamua ni kansa na anakufa. Daktari anamwambia ni pumu ya ngozi, hamwamini. Na hamwambii mke wake, hamwambii mtoto, anaendelea kupanga matofali huku ndani anaungua. Siku moja anarudi nyumbani ghafla anamkuta mke wake kitandani na David, mtu aliyekuwa anafanya naye kazi, na unajua anafanya nini? Anaondoka kimya kimya. Hapigi kelele, hagongi mlango. Halafu siku nyingine anaingia bafuni na mkasi, anaamua kulikata lile doa mwenyewe.

Ile sura ya mkasi niliisoma mkono umeziba mdomo. Inachekesha, kweli inachekesha, maana mzee anajipangia kila hatua kwa utaratibu kama fundi anayekwenda kukata mbao, anafikiria mambo ya damu na mazulia. Na huku unatetemeka kwa sababu unajua huyu mtu yuko peke yake kabisa ndani ya nyumba yenye mke. Kuna wazee wangapi tunawajua wanaofanya hivyo hivyo, anaumwa miezi anasema ni uchovu tu, mnakuja kuambiwa na daktari wodini? Mimi nimezika mtu wa hivyo. Ndo maana nilimwangalia yule kaka wa kaunta nikakosa la kumjibu.

Na si George tu. Sura ni fupi fupi, zinapokezana kati ya George, Jean na watoto wao wawili, na kila mmoja anadhani yeye ndo mwenye tatizo kubwa. Katie anaolewa na Ray, ndoa ya pili hiyo, ana mtoto wake Jacob, na hajui kama anampenda Ray au anapenda tu jinsi Ray anavyomlea mtoto. Familia inamwona Ray ni wa hali ya chini yao, wakati ndo mtu pekee mwenye utulivu mle ndani. Jamie, kaka yake Katie, ni dalali wa nyumba, anashindwa kumwalika mpenzi wake Tony kwenye harusi kwa kuogopa wazazi wataonaje, Tony anaondoka. Hapo ilinibidi nikiweke chini kwanza.

Mwisho wa harusi niliupata kwa mdogo wangu anayeishi Uingereza, aliazima nakala maktaba akanisomea kwa voisi, voisi ndefu kweli kweli, anasoma anacheka anasimama anaanza tena. Hotuba yenyewe sitaisema yote, ila mzee anawaongelea wageni habari za kufa, mbele ya keki, halafu anamwona David kati ya wageni na anamvaa. Hizo ndo kurasa "chache" zisizopunguza kitu.

Sasa kitabu chenyewe nikipe nini? Nilipomaliza nilikuwa nasema tatu kwa tano, kwa sababu mwishoni naona Haddon anawaonea huruma mno, kila kitu kinarudi mahali pake haraka, kama vile kelele za siku moja zinatosha kuosha miaka yote ya kunyamaziana. Watu hawaponi hivyo. Lakini kadiri ninavyoandika hapa nakumbuka wale watu hawaponi pia, wanaanza tu kuongea, na George doa lake lilikuwa pumu ya ngozi kweli, woga ndo uliokuwa ugonjwa. Basi nne. Hapana, tano, nakipa tano, kinunueni, ila popote pale mfungue kurasa zote mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela, na akikataa ondokeni.

Kwa Jean tu ndo sijaridhika mpaka leo. Anabaki na mume wake, sawa, lakini hakuna mahali anapokaa chini George akamwambia waziwazi nilikuona siku ile, nilisimama mlangoni nikaondoka, kwa namna ambayo mimi msomaji nilikuwa naisubiri. Mdogo wangu anasema alichosema mzee siku ya harusi kinatosha, mimi nasema hakitoshi, na tumebishana hadi salio likaisha.