Beseni la Darajani: kwa waliotokwa na uvimbe pabaya

Beseni la plastiki nene, shilingi elfu sita, limenistahimili mwili wangu wote. Shoga zangu, nilitokwa na uvimbe ubavuni mwa mlango wa uke, mkubwa kama kunazi, unapwita. Kukaa sikuwezi, hata tahiyatu taabu. Daktari akasema tezi ya Bartholin, ile itoayo ute mlangoni mwa uke, imeziba: nisiminye wala nisitumbue, nikalie maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu nne kwa siku, na nikipata homa nirudi haraka. Mkwe wangu akadhani nafua kila saa! Siku ya nne ukapasuka wenyewe. Kasoro moja: ukingo mkali, ikabidi nilaze kanga. Muuzaji alinishauri nitie dawa ya kusafishia. Sikutia, maji matupu yametosha.