Gemu za kufyatua za enzi zile: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Jumapili mchana nyumbani kwetu keibodi moja inagombaniwa na watu wawili. Mdogo wangu kashika mishale upande wa kulia, mwanawe wa miaka minane yuko kushoto, na kinachosikika mpaka barazani ni "Hilo paja langu! Baba, umekula paja langu!" Hiyo ni gemu ya kuku, na ndiyo iliyonifundisha namna ya kuchagua gemu za kufyatua. Kabla ya kutoa hela najiuliza mambo mawili: itakubali kwenye mashine niliyonayo? Na je, wawili wanaweza kucheza kwa pamoja, si kwa kupokezana? Mpangilio ulioko hapa chini umetokana na maswali hayo. Nimeacha makusudi gemu za vita vya kweli. Hizi ni za kuchekesha, za raundi fupi, zile ambazo mgeni akikaa kwenye kochi dakika mbili ameshajua cha kufanya.

Namba 1: Chicken Invaders

Imetengenezwa na InterAction Studios ya Ugiriki, na ya kwanza ilitoka 1999. Kuku wamechoka kuliwa na binadamu, wamepanda vyombo vya anga na wamekuja kulipiza kisasi. Wewe una chombo kimoja chini ya kioo, wao wamejipanga juu wakidondosha mayai. Ukimpiga kuku anageuka manyoya, na paja la kukaanga linaanguka. Lidake. Ukikusanya ya kutosha unapewa kombora la kusafisha kioo kizima, na hapo ndipo ugomvi wa mapaja unapoanzia.

Utamu wake uko kwenye zawadi. Kisanduku kinashuka taratibu, na rangi yake inakuambia kimebeba silaha gani. Ukiokota cha silaha unayotumia, nguvu inaongezeka. Ukiokota cha rangi nyingine, silaha inabadilika. Kwa hiyo kuna sekunde moja ya kuamua, mayai yanakunyeshea, na mwenzako anapiga kelele "kiache, kiache!" Nimeona watu wazima wakisimama kwenye viti kwa sababu ya kile kisanduku.

Ununue toleo lipi? Kama laptop yako ni ya zamani, chukua la 3, Revenge of the Yolk la 2006. Lina mawimbi 120 ya kuku, halihitaji kadi ya picha ya maana, na likishaingia kwenye mashine huli bando kulicheza. Katika hilo bunduki inapata moto ukishikilia kitufe bila kupumzika, hivyo mtoto anajifunza kufyatua kwa vipimo. Mashine ikiwa na nguvu kidogo, la 4 la 2010, Ultimate Omelette, lina picha nzuri zaidi na kuku hawakai juu tu, wanakuzunguka. La 5 la 2014 ni zuri, ila siwezi kusema linazidi la 4 kwa furaha.

Tahadhari moja kubwa: yapo matoleo ya Krismasi na ya Pasaka. Kuku wamevalishwa kofia nyekundu, muziki umebadilishwa, lakini gemu ni ile ile. Ukishakuwa na la kawaida, la Krismasi ni kununua kitu kimoja mara mbili.

Namba 2: Metal Slug X

Hii ndiyo gemu iliyochorwa vizuri kuliko zote ninazozijua za aina hii, na nasema hivyo bila kusita. Ya kwanza ilitengenezwa na Nazca mwaka 1996 kwa mashine za gemu za Neo Geo, za kampuni ya SNK. Unakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, unafyatua, unarusha bomu, unaingia kwenye kifaru kidogo kinachoruka kama chura. Kila kitu kimechorwa kwa mkono, nukta kwa nukta. Askari wa adui unawakuta wakipiga soga; wakikuona wanapiga mayowe mikono juu. Mateka wenye ndevu ndefu ukiwafungua wanachomoa zawadi kwenye nguo zao, wanakupigia saluti, kisha wanatimua mbio.

Mwangalie mchezaji wako anapookota chakula. Akila kupita kiasi ananenepa, tumbo linatoka mbele, mwendo unakuwa mzito, na hata risasi zake zinanenepa. Nani alikaa akachora hilo? Mtu aliyeipenda kazi yake.

Kwa nini X na si ya 2? Kwa sababu X ya 1999 ni ile ile ya 2 iliyorekebishwa. Ya 2 ina tatizo la kuzubaa: vitu vikijaa kwenye kioo, kila kitu kinatembea kama kimo ndani ya uji. X imeliondoa na kuongeza maadui. Metal Slug 3 nayo inasifiwa sana, lakini raundi yake ya mwisho ni ndefu mno na ina mazombi wanaotapika damu. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ningeiacha kwanza. Zote ziko Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na kwenye konsoli za Switch, PlayStation 4 na Xbox zinauzwa kwa jina la ACA NEOGEO kwa dola 7.99 moja. Wawili wanacheza pamoja. Nunua na pedi mbili. Keibodi hapa itawatesa vidole.

Namba 3: Galaga

Namco, 1981. Ningeiweka juu zaidi, lakini wawili wanapokezana, hawachezi pamoja. Kwa mtu anayekaa peke yake jioni ni dawa.

Siri yake ni moja. Bosi wa juu anashuka na kuachia mwanga wa kuvuta chombo chako. Kwa kawaida ungekimbia. Hapa unajiachia utekwe, mradi umebakiza roho nyingine, kisha unamsubiri yule bosi ashuke tena na unamlipua akiwa hewani. Chombo chako kinarudi na kuungana na ulichonacho, unafyatua mara mbili. Ukimlipua akiwa bado kwenye safu juu, mateka wako anakugeukia na kuwa adui.

Angalia unachonunua. Namco Museum ya Switch ya 2017 ni mkusanyiko wenye Galaga halisi ya mashine za ukumbini, zile za kutumbukiza sarafu, pamoja na gemu nyingine kumi. Namco Museum Archives Vol. 2 ina Galaga ya Famicom, konsoli ya zamani ya Nintendo, ambayo imepunguzwa picha na sauti. Ila hiyo ya pili ina Battle City, gemu ya vifaru tuliyocheza wengi wetu utotoni, na kwa sababu hiyo tu mimi niliinunua.

Namba 4: Fantasy Zone

Sega, 1986. Chombo chenye mbawa na miguu kiitwacho Opa-Opa, dunia ya rangi za peremende, na duka linaloelea angani ambako silaha inapanda bei kila unaporudi kuinunua. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ni ya mtu mmoja.

Space Invaders ya Taito, 1978, ndiyo bibi yao wote. Iheshimu. Lakini usianze nayo kama unamnunulia mtoto.

Kulipa

Steam wanapokea Visa, kwa hiyo kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha. Kenya inaitwa GlobalPay. Gemu ikikataa kwenye mashine yako, omba hela yako ndani ya siku 14, mradi hujaicheza zaidi ya saa 2. Watu wengi hawaijui haki hii, wanaumia kimya kimya.

Ya kuacha

Zile konsoli za bei ya chini zenye maandishi ya "gemu 9999". Nilinunua moja katika duka fulani mjini. Nilipopitia orodha, gemu za kweli hazikuzidi thelathini. Zilizobaki ni hizo hizo zikirudiwa kwa majina mengine. Nilichokuwa nakitaka ni Duck Hunt, ile ya bata na mbwa anayekucheka ukikosa. Nikaichomeka kwenye TV bapa, nikashika bunduki, nikafyatua. Hakuna bata hata mmoja aliyeanguka, hata nilipogusisha mdomo wa bunduki kwenye kioo.

Kosa halikuwa la bunduki. Ukivuta kifyatulio, picha inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe unatokea pale alipo bata. Ndani ya bunduki kuna jicho la kuhisi mwanga. Likiuona ule mweupe kwa wakati wake, umepiga. TV bapa inachelewesha picha, na mwanga unafika wakati wake umeshapita. TV ya chogo haicheleweshi. Kama kwa babu bado kuna moja inayowaka, mwombe asimpe mnunuzi wa vyuma chakavu, na hapo ndipo uitafute hiyo bunduki.