Maumivu ya pembeni mwa nyonga: sindano au mazoezi?

Kwanza tujue kinachouma. Maumivu ya kwenye kinena mara nyingi hutoka ndani ya kiungo chenyewe. Yale ya pembeni, yanayokuamsha usiku ukilalia upande huo, kwa kawaida hutoka kwenye kano za misuli ya matako, yaani nyuzi ngumu zinazoishikiza misuli kwenye mfupa. Ninayozungumzia hapa ni haya ya pembeni.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupoza maumivu upesi, na aliyekesha wiki nzima namwelewa akiitaka. Ila haiipi kano nguvu.

Fiziotherapia huenda polepole. Mtaalamu hukufundisha kwanza kuacha vinavyoiminya kano: kukunja nne, kusimama umeegemea mguu mmoja, kulala ubavu bila mto katikati ya magoti. Kisha huja mazoezi, kama kuinua kiuno ukiwa chali au kuketi na kusimama taratibu, uzito ukiongezwa kidogo kidogo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yasikutishe. Yakizidi usiku, punguza.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia watu 204 wenye tatizo hili. Baada ya wiki 8, waliojiona wamepata nafuu walikuwa takriban asilimia 77 kwa mazoezi na elimu, na 58 kwa sindano. Mwaka ulipotimia, kundi la mazoezi bado liliongoza kwa nafuu ya jumla, ingawa ukali wa maumivu ulikuwa karibu sawa.

Mimi ningeanza na mazoezi. Lakini ukianguka ukashindwa kukanyaga, au maumivu yakija na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.