Grainda ndogo ya viungo: kama unapika Kihindi nyumbani, nunua

Naanza na jibu kabisa. Kama unapika Kihindi mara kwa mara hii mashine nunua, na kama unahitaji viungo vya pilau ya Idi tu basi kinu na mchi vinatosha, usipoteze hela.

Ninayoongelea ni zile grainda ndogo za stenlesi za wati 200 hivi, kikombe kinatoka na mfuniko unabonyeza kwa juu ndo inasaga. Kariakoo zimejaa kwa majina tofauti tofauti ila umbo lile lile, yangu nimeichukua chini ya laki moja. Hapo kwenye kikombe kutoka muwe makini jamani, kuna nyingine bakuli limeshikana na mota moja kwa moja huwezi kuliosha, utakuwa unafuta na kitambaa tu na harufu ya karafuu ya juzi utaikuta kwenye iliki ya leo.

Kwa nini nasema Kihindi hasa? Kwa sababu wenzetu hawana unga mmoja wa kutia kila sufuria. Wagujarati wana dhana jiru, Wapunjabi na garam masala yao, ukishuka kusini Tamil Nadu kuna unga wa sambar, ule mchuzi wao wa mbaazi na mboga, Maharashtra wana goda masala ambayo ndani yake kuna hadi nazi kavu na ufuta. Ukinunua pakiti moja ya karipauda ukapikia vyote hivyo, vyote vitakuwa na ladha moja, na ndo maana watu wanasema chakula cha Kihindi kinafanana. Hakifanani hata kidogo!

Dhana jiru ndo rahisi kuliko zote na sisi wa Dar tumekua tukiinusa Upanga na Kisutu, ni giligilani na binzari nyembamba basi. Jirani yangu mama wa Kigujarati anaweka vikombe viwili vya giligilani kwa kimoja cha binzari, wengine wanaenda tatu kwa moja. Unapasha moto mdogo kila kimoja peke yake kwa sababu binzari inaiva haraka zaidi, ukizichanganya moja itaungua wakati nyingine bado mbichi. Hapa mashine imenifurahisha sana, binzari inatoka laini kabisa, giligilani inabakiza maganda kidogo yenye nyuzi, pitisha kwenye chekecheo rudisha yaliyobaki saga tena.

Garam masala ndo nilikuwa naisubiri kwa hamu. Natumia giligilani vijiko vikubwa vinne, binzari nyembamba viwili, pilipili manga kimoja, iliki kimoja, karafuu kijiko kidogo cha chai, mdalasini kipande cha urefu wa kidole, basibasi kidogo na jani moja la bay leaf. Kungumanga naikwangua mwisho na grata, usiitie nzima humo, ni ngumu na ina mafuta inagandia kwenye visu. Mdalasini nao uvunje vipande vidogo kwanza. Halafu subiri viungo vipoe KABISA ndo usage, vikiwa na moto vinatoa mvuke unga unashikamana kama udongo wa mvua na haukai. Unabonyeza sekunde tano unaachia, unatikisa, unabonyeza tena, ukishikilia mfululizo kikombe kinapata moto na yale mafuta mepesi yenye harufu ndo yanaruka, yaani unabaki na unga wa rangi tu. Ikishamaliza usifungue hapo hapo, iache dakika mbili vumbi litulie, utapiga chafya na harufu nzuri yote itaishia jikoni badala ya kwenye chupa. Nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi wa kuku dakika za mwisho moto ukiwa umeshapunguzwa, jamani wageni watauliza umeweka nini.

Unga wa sambar ndo mtihani wenyewe wa mashine kwa sababu una mbaazi na dengu ndani. Unakaanga bila mafuta mbaazi zilizopaazwa na dengu zilizopaazwa mpaka zinakuwa za dhahabu, halafu giligilani, pilipili kavu nyekundu, binzari nyembamba, pilipili manga, uwatu kidogo sana maana ukizidi ni uchungu, na majani ya karipata (curry leaves) mpaka yanakatika kwa kuyabonyeza. Mwisho manjano ya unga na mvuje, ndo huo huo wanaowafunga watoto wachanga Pwani, kule Uhindi ni kiungo cha jikoni na ukikaangwa kwenye mafuta harufu inageuka kuwa kama ya vitunguu. Mbaazi hizo Mtwara na Lindi tunalima na Wahindi wananunua kwetu, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia pakiti iliyosafiri baharini kwenda na kurudi. Mashine imesaga vizuri ila kwa mafungu, kikombe usikijaze zaidi ya nusu, visu vinazunguka chini huku juu bado mbegu nzima.

Sasa mabaya yake. Inapiga kelele, usiku na watoto wamelala haifai. Waya ni mfupi na plagi imekuja ya pini mbili, nimelazimika kununua adapta. Mfuniko ni plastiki na karafuu imeshaanza kuutia ukungu, mafuta ya karafuu yanakula plastiki hilo linajulikana, kwa hiyo mkipata yenye mfuniko wa chuma ongezeni hela mchukue hiyo. Mpira wa mfuniko unashika harufu, mimi nausafisha kwa kusaga mchele mkavu ngumi moja halafu nauchomoa naosha na kuanika. Manjano makavu mazima msijaribu, ni magumu kama jiwe yatavunja visu, hayo peleka mashineni au nunua yaliyosagwa kwa mtu unayemwamini. Kitu chochote cha maji kama tangawizi, kitunguu saumu, nazi mbichi, hapana, hiyo ni kazi ya blenda.

Kuhusu kuhifadhi, saga kidogo kidogo ya wiki tatu nne. Kiungo kizima kinakaa na harufu yake miezi mingi kwa sababu mafuta yamefungiwa ndani, ukishakisaga hewa inaingia kila punje. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kabatini, sio juu ya jiko wala dirishani. Kwa hiyo ule unga unaouzwa kwenye beseni wazi sokoni juani, hata kama bei nzuri, kilichobaki humo ni kidogo sana.

Ukienda kununua beba binzari nyembamba kijiko kimoja mfukoni, mwombe muuzaji aiwashe usage pale pale. Akikataa nenda duka linalofuata, yako mengi.