Mitego ya harufu kwa kantangaze: msimu wangu mmoja Igombe

Nina robo eka ya nyanya Igombe, Mwanza, karibu kabisa na ziwa, namwagilia kwa pampu. Mwaka jana kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, alinimaliza. Nilipiga dawa hadi mgongo ukauma, na bado majani yalichorwachorwa, matunda yakatobolewa. Safari hii nikajaribu mitego ya harufu.

Kidonge cha harufu kinachowekwa kwenye mtego ni kipande kidogo cha mpira, ukikinusa hupati kitu. Anayekisikia ni nondo dume, anakuja mbio akidhani kuna jike. Nilinunua viwili duka la pembejeo mjini, nikatundika, wiki nzima sikupata hata mmoja. Kuja kusoma pakiti: Spodoptera frugiperda. Nimeuziwa cha viwavijeshi vamizi, wale wa mahindi! Kila nondo ana harufu yake. Ya kantangaze lazima iandikwe Tuta absoluta. Muuzaji alinibadilishia, ila kwa kununa, kama vile mimi ndiye niliyekosea.

Vya pili vilifanya kazi usiku uleule. Nilianza na mtego wa kibanda kidogo chenye karatasi ya gundi, lakini huku ufukweni wadudu wa ziwani wakiinuka kama moshi wanajaza gundi kabla ya nondo. Nikahamia kwenye beseni: maji, sabuni ya unga kidogo, kidonge kinaning'inia kwenye waya juu yake bila kugusa maji. Asubuhi nilihesabu nondo 43. Jirani yangu, mvuvi wa dagaa, akacheka: "Kumbe na wewe unavua usiku, ila huna taa!"

Sasa msidanganyike. Wanaokufa ni madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa anatoka shamba la jirani na kuja kutaga kwako kama kawaida, na mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Viwavi hawakuisha. Kilichobadilika ni matumizi ya dawa: idadi kwenye beseni ikipanda ghafla nakagua majani, napiga; ikiwa ndogo, natulia. Msimu mzima nimepiga mara 4. Mwaka jana niliacha kuhesabu baada ya 10.

Usumbufu upo. Kidonge kinadumu wiki 4 hadi 6, kwa hiyo kimoja hakikufikishi mwisho wa mavuno. Jua kali linakausha beseni, na kuku wamelipindua mara mbili. Vya akiba viko kwenye friji ya shemeji, mfuko umefungwa vizuri, pembeni ya sangara wake.

Msimu ujao nanunua tena. Nimemwomba jirani wa upande wa juu naye aweke. Amesema kwanza aone nitavuna tenga ngapi.