Gari linaingiza maji ndani: ununue nini, uache nini

Mifuko ya kunyonya unyevu ndiyo ambayo wengi huikimbilia, ila kwenye orodha hii ya vitu vya kununua nimeiweka nafasi ya nne. Ni hesabu tu. Silika jeli, zile chembe zilizomo kwenye mifuko hiyo, hubeba maji yapatayo theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo mfuko wa kilo 1 ukishashiba umechukua kama theluthi ya lita tu. Sasa bandua plastiki ya kizingiti cha mlango, pitisha vidole chini ya kapeti, uminye sponji iliyolala pale. Kapeti inaweza kuwa kavu juu kabisa, na sponji ikawa imeshika lita kadhaa.

Tena kabla ya kutoa hela, jua maji yanaingilia wapi. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda taratibu. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua ni wapi panapovuja. Angalia matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, ambayo huzibwa na majani, na mirija ya dirisha la paa kama unalo. Buti likiwa na maji, shuku rabari za taa za nyuma. Kama miguuni kwa abiria wa mbele kunalowa hata jua likiwaka, na AC inatumika, huenda mrija wa AC umeziba. Maji yakiwa na harufu tamu na kioo kikishika utando wa mafuta, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini: funga orodha hii uende kwa fundi.

1. Mashine ya kufyonza vumbi na maji. Hii ndiyo inayotoa maji kwa lita. Usijaribu na ile ya vumbi tu ya nyumbani; maji yakifika kwenye mota yake umeiua, na unaweza kupigwa na shoti. Tafuta yenye mdomo mpana wa bapa, kisha ukandamize sponji kwa mkono mmoja huku ukifyonza kwa mwingine. Kama unaweza kuikodi, kodi, maana baada ya hapo itakaa stoo.

2. Tepu ya butili, aina ya mpira unaonata. Ni ya kurudishia nailoni iliyo nyuma ya plastiki ya mlango, ambayo ikibanduka maji ya dirishani huingia ndani. Butili hubaki laini, na siku fundi akitaka kufungua ataibandua bila kuichana nailoni. Silikoni inayonuka siki usiiguse: asidi inayotoa ikikauka hula bati. Kioo cha mbele nacho kimegundishwa kwa gundi yake maalumu na kwenye magari mengi ni sehemu ya uimara wa bodi, kwa hiyo kukipaka gundi pembeni kwa nje ni kuficha tatizo.

3. Kikausha hewa cha umeme. Cha kompresa hufanya kazi vizuri kwenye joto. Baridi ikizidi, chukua kile kinachotumia kemikali ya kunyonya unyevu. Penye jua la kutosha sioni haja yake. Inua kapeti, itegemeze kwa kipande cha mbao, acha milango wazi.

4. Mifuko ya silika jeli. Sponji ikishakauka, sasa ina kazi: kupunguza ukungu wa asubuhi kwenye vioo. Nunua yenye chembe zinazobadilika rangi zikishiba, na inayoruhusiwa kukaushwa tena kwa joto.

5. Kopo la kalsiamu kloridi. Hunyonya kuliko silika, lakini huyeyuka na kuwa maji ya chumvi. Kata kona moja kwa kasi, kopo lipinduke, na kapeti hiyo haitakauka hadi uioshe, kwa sababu chumvi itaendelea kuvuta unyevu hewani huku ikila chuma chini yake. Lifae gari lililoegeshwa muda mrefu, si la kila siku.

6. Mkaa na manukato. Mkaa husaidia harufu, si maji. Manukato juu ya kuvu hutoa harufu ya kuvu yenye manukato, na mchele, ambao wengine huuweka garini unyonye unyevu, uuache jikoni.